Shimo Dogo Lililofukua Uongo Mkubwa

Wapo miongoni mwetu, tena wengi wao ni watu waliosoma, ambao wakisikia kwamba kundi la wataalamu limepiga kambi mahali fulani kuchimba magofu huinua mabega na kucheka. Huuliza: vigae vya vyungu vilivyovunjika vitamshibisha nani? Wananchi wanahitaji maji, zahanati na barabara. Ninyi mnawapelekea watu wenye miiko na burashi wakakwangue vumbi katika maboma yaliyohamwa zamani! Hoja hiyo huvutia, kwa sababu imejivika joho la kumtetea mnyonge. Lakini ni hoja ya hatari, na walionufaika nayo kuliko wote hawakuwa wanyonge hata kidogo. Walikuwa walowezi, makampuni ya kikoloni na waandishi wao, ambao kwa miaka tisini walikula matunda ya uongo uliosimikwa juu ya nyumba za mawe za Waafrika.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Umma usiochimba historia yake wenyewe, kwa kipimo na kwa uaminifu, utachimbiwa na wengine; wakishauchimbia watauandikia; na wakishauandikia watautolea hati ya kuunyang'anya ardhi. Mwenye shaka na afuatane nasi hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana wengi huidhania kuwa ni kutafuta hazina. Uchimbaji wa majaribio ni shimo dogo tu. Mtaalamu hupima mraba wa mita moja au mbili kila upande, akaufunga kwa kamba na vigingi, akaanza kuondoa udongo tabaka baada ya tabaka kama mtu afunuaye kurasa za kitabu kuanzia ya mwisho. Udongo wote hupitishwa katika chekeche. Kila kigae, kila ushanga, kila mfupa na kila kipande cha mkaa huandikiwa kina kilipotoka. Kuta za shimo huchorwa na kupigwa picha. Kazi ikiisha, shimo hufukiwa, na sehemu kubwa ya boma huachwa bila kuguswa, kwa kuwa mchimbaji mwadilifu anajua kwamba atakayekuja baada yake atakuwa na zana bora zaidi. Kila achimbaye huharibu. Tofauti ni kwamba mmoja huandika alichokiharibu, na mwingine hukiuza.

Kwa nini shimo dogo liwe na nguvu kiasi hicho? Ukuta wa mawe makavu, yaani yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, hausemi umri wake. Jiwe lenyewe lina umri kuliko wanadamu wote, na kulipima hakumwambii mtu siku lilipopangwa. Kwa hiyo mtaalamu huuhoji udongo. Kilicholala chini ya msingi kilikuwapo kabla ukuta haujasimama. Sakafu iliyotandazwa mpaka ikagusana na ukuta ilitandazwa ukuta ukiwapo. Takataka zilizorundikana juu ya sakafu hiyo ni za watu walioishi humo baadaye. Ukikuta kigae cha namna moja, cha mfinyanzi wa mila moja, chini ya msingi, ndani ya sakafu na juu yake, basi umekwisha kumjua mwenye nyumba. Hapo hakuna nafasi ya hekaya.

Sasa twende kusini, karibu na mji wa Masvingo, ambao walowezi waliuita Fort Victoria. Hapo pana mji wa kale wa mawe uitwao Zimbabwe Kuu. Neno lenyewe halimhitajii Mswahili mkalimani: kwa Kishona, dzimba dza mabwe ni nyumba za mawe. Ukuta wa nje wa boma lake kubwa una mzunguko wa mita zipatazo 250, na mahali pengine umepanda kufikia mita 11. Yote hayo yamepangwa kwa mawe ya graniti, bila tone la chokaa. Mji huo ulijengwa na kustawi kati ya karne ya 11 na ya 15, na waliojenga ni mababu wa Washona wa leo. Waliishi kwa kilimo na ng'ombe, wakafua chuma, na dhahabu yao ikashuka hadi bandari ya Sofala.

Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika hapo. Alikata kibanzi cha boriti ya mlango, akakinusa, akaona kinafanana na mti wa kalamu yake ya risasi. Basi, kwa kuwa kalamu ilikuwa ya mti wa mwerezi, akakata shauri kwamba boriti ilitoka Lebanoni. Na kama ilitoka Lebanoni, aliyeileta hawezi kuwa mwingine ila Malkia wa Sheba, aliyemtembelea Mfalme Suleimani. Ndugu msomaji, tazama jinsi dola nzima ya Waafrika ilivyofutwa kwa harufu ya penseli! Boriti yenyewe ilikuwa ya mti wa Kiafrika uotao katika nchi ileile.

Upuuzi huo ungeweza kufa na mwenyewe, kama usingekuwa na mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Cecil Rhodes. Mwaka 1890 askari wa kampuni yake waliingia Mashona na kupandisha bendera ya Uingereza. Kampuni hiyo ilihitaji dhahabu na ardhi, lakini ilihitaji pia jambo la tatu, nalo ni sababu ya kuwaridhisha watu wa kwao. Ikiwa Wafoinike au Waarabu wa zama za Suleimani ndio waliojenga kuta zile, basi Mwafrika ni mpangaji aliyevamia nyumba ya watu, na Mwingereza hakuja kunyang'anya, alikuja kurudi. Hapo ndipo elimu ilipogeuzwa kuwa karani wa unyonyaji.

Mwaka 1891, kwa msaada wa kampuni ya Rhodes, alipelekwa Theodore Bent akachimbe. Bent alichimba, akatoa vigae vya wenyeji, zana za wenyeji na vyombo vya wenyeji, lakini alipoketi kuandika kitabu alisema wajenzi walitoka Uarabuni. Macho yaliona Afrika, mkono ukaandika Asia. Mwaka 1895 likafuata jambo la aibu zaidi: iliundwa kampuni ya kibiashara, Rhodesia Ancient Ruins, ikapewa kibali cha kupekua magofu ya nchi ile kutafuta dhahabu, isipokuwa Zimbabwe Kuu. Makaburi ya watawala yalifunuliwa. Mapambo ya dhahabu yaliyofanywa kwa ustadi na masonara wa Kiafrika yakayeyushwa, yakauzwa kwa uzito kama vyuma chakavu. Hata ndege wa jiwe la sabuni waliosimama juu ya kuta hawakusalimika: mwaka 1889 Willi Posselt alimng'oa mmoja wao, naye akaishia mikononi mwa Rhodes.

Kisha akaja Richard Hall, mwandishi wa habari, jambo ambalo ni aibu kwa sisi tunaoishi kwa kalamu. Mwaka 1902 alifanywa mtunzaji wa Zimbabwe Kuu. Mtunzaji! Bwana huyu aliamini kuwa chini kabisa kuna kazi ya mataifa ya kale, na kwamba juu yake umelala uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye. Kwa hiyo akawaamuru vibarua wausombe uchafu huo na kuutupa. Waliondoa matabaka ya udongo yenye kina cha futi tatu, tano, na mahali pengine zaidi. Uliotupwa ndio ulikuwa ushahidi: sakafu za nyumba, majiko, vigae na makaa ya watu waliojenga na kuishi mle. Hall alikuwa kama hakimu anayechoma jalada la kesi kabla ya kutoa hukumu. Aliondolewa kazini mwaka 1904, lakini udongo uliotupwa haurudishiki.

Ndipo ukaja wakati wa shimo dogo. Mwaka 1905 Uingereza ilimtuma David Randall-MacIver, aliyejifunza kazi ya kuchimba kule Misri. Huyu hakuwa na hamu ya dhahabu. Alichimba mahali pachache, akatazama matabaka, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kusema kwamba majengo ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Walowezi walipiga kelele. Kelele zilipokosa kwisha, mwaka 1929 alitumwa mtaalamu mwingine, Gertrude Caton-Thompson, naye pia alikuwa amechimba Misri. Alikwenda na wanawake wenzake wawili, Kathleen Kenyon na Dorothy Norie.

Swali la kwanza lililomkabili lilikuwa hili: achimbe wapi, ikiwa Hall amekwisha kuparua kila mahali penye sifa? Akaviacha vilima na mnara wanaopigia picha watalii, akateremka bondeni, kwenye boma dogo liitwalo Maund. Halikuwa na fahari ya kuvuta macho. Lilikuwa makao ya watu: kuta fupi za mawe zilizounganisha nyumba za mviringo za udongo, kama mji wa mzee mwenye jamaa kubwa. Lakini udongo wake ulikuwa bado haujachezewa, na hilo ndilo alilolitaka.

Akachimba kupita sakafu ngumu ya udongo uliosindiliwa. Akachimba hadi chini ya misingi ya kuta. Alichokikuta si maandishi ya Kifoinike wala madhabahu ya Sheba. Alikuta vigae vya vyungu vya wenyeji, chuma kilichofuliwa na wenyeji, na shanga zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kutoka chini hadi juu, mila ilikuwa moja. Shanga za kigeni zilionyesha kwamba wenye boma walifanya biashara na ulimwengu, kama vile mtu anayekunywa chai katika kikombe cha China alivyo mteja wa Mchina bila ya kuwa Mchina. Caton-Thompson alikadiria tarehe za mapema mno, nazo zilirekebishwa baadaye kwa vipimo vya radiokaboni na kwa uchimbaji wa mwaka 1958. Lakini juu ya swali la nani aliyejenga hakuyumba, na kitabu chake cha mwaka 1931 kilipaswa kuufunga mjadala.

Je, ulifungwa? Hapa ndipo penye fundisho lenyewe, nalo naomba msomaji alishike vizuri. Mwaka uleule wa 1929 mama yule alipotangaza matokeo yake kwenye mkutano wa wanasayansi Afrika Kusini, Raymond Dart alisimama akapinga kwa hasira. Dart huyohuyo mwaka 1925 alikuwa ameutangazia ulimwengu fuvu la Taung na kuufundisha kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika! Mwafrika wa mamilioni ya miaka alimkubali, kwa kuwa huyo hadai ardhi. Mwafrika wa karne ya 14, mwenye mji, mwenye mfalme na mwenye wajukuu walio hai, huyo hakumtaka.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia utawala wao wa kibaguzi. Mwaka 1969 mmoja wa wabunge wao alilalamika bungeni kwamba wageni wanaotembelea Zimbabwe Kuu wanaambiwa ilijengwa na Waafrika. Peter Garlake, mkaguzi mkuu wa magofu, alikataa kupindisha ukweli. Mwaka 1970 akalazimika kuihama nchi. Yaani ukweli ulijulikana mwaka 1905, ukathibitishwa mwaka 1929, ukapimwa maabara katika miaka ya 1950, na bado katika mwaka wa 1970 mtaalamu anakimbizwa kwa kuusema!

Basi wale wanaosema kwamba ubaguzi ulitokana na kutojua, na kwamba elimu pekee ingeuponya, wajibu swali hili: kutojua gani kunakodumu miaka 75 mbele ya ushahidi? Walowezi walijua. Walichokosa si habari. Walikuwa na mashamba ya kuyalinda. Shimo la Maund lilikuwa limekwisha kusema kila kitu, lakini shimo halina jeshi, halina redio wala shule. Ilibidi wenye nchi waushike utawala ndipo ukweli huo uingie darasani. Tarehe 18 Aprili 1980 nchi ilijitawala na kuchukua jina la nyumba zile za mawe, na ndege wake akapanda kwenye bendera. Wapigania uhuru walikuwa wamelibeba jina hilo tangu ZAPU mwaka 1961 na ZANU mwaka 1963, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam. Walilijua jina la nyumba yao kabla hawajapewa ufunguo.

Na lipo fundisho la pili, chungu zaidi. Huyo Caton-Thompson aliyetutendea haki kwa mwiko, hakututendea haki kwa kalamu. Baada ya kuthibitisha kwamba wajenzi ni Waafrika, aliandika kwamba kazi yao inaonyesha akili ya kitoto. Vibarua wa Kiafrika waliobeba udongo wake, ambao huenda walikuwa wajukuu wa waashi wale, hawakuulizwa wanaonaje. Mgeni mwaminifu anaweza kukupa tarehe sahihi; heshima hawezi kukupa, hiyo lazima uiandike mwenyewe. Ndiyo maana ni jambo la kushukuru kwamba katika zama zetu vitabu vya Zimbabwe Kuu vimeandikwa na Wazimbabwe kama Innocent Pikirayi, Webber Ndoro na Shadreck Chirikure.

Atasema mtu: hayo ni ya kusini, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, maana uzi uliotoka Zimbabwe Kuu ulipita Sofala ukaishia kwetu. Katika magofu yale ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14. Na uongo nao ulikuja kwetu kwa njia ileile. Tulifundishwa kwamba miji ya mawe ya pwani ilipandwa na wageni mithili ya mche wa bustanini, na kwamba mwenyeji alikuwa mtazamaji. Ilikuwa hivyo mpaka lilipochimbwa shimo. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti uliotangulia. Chini ya huo, mwingine. Na chini kabisa, alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, pamoja na vigae vya vyungu vya wenyeji. Mji ulikuwa umeota kutoka katika ardhi yake, ukabadili miti kwa mawe kadiri ulivyostawi. Mwenzetu Felix Chami naye, katika kazi yake ya mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania, alionyesha kwamba utamaduni wa pwani una mizizi kwa wakulima na wafua chuma wa nchi hii.

Upande wa bara wakoloni hawakukubali kushindwa. Mwaka 1933 Huntingford aliandika juu ya ustaarabu aliouita wa Azania, akihesabu kazi za mawe za bara la Afrika ya Mashariki kuwa za taifa moja la kale lililotoka kaskazini na kutoweka. Daima wajenzi wametoweka! Lakini huko Kenya, katika eneo la Migori, maboma ya Thimlich Ohinga yenye kuta za mawe makavu zinazofikia mita nne na zaidi yamejulikana kuwa makao ya wafugaji na wakulima wa karne ya 16 na baada yake, na mwaka 2018 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Nasi tuna Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa huko Monduli.

Engaruka ni jibu tosha kwa wanaosema kwamba magofu hayaleti maji. Hapo, kati ya karne ya 15 na ya 18, palikuwa na vijiji vilivyopangwa juu ya matuta ya mawe kwenye mteremko, na chini yake mashamba ya umwagiliaji yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 20. Maji ya mito ya ukingo yaliongozwa kwa mifereji ya mawe, yakagawanywa shamba kwa shamba katika nchi kavu ambayo leo mgeni huiona jangwa. Walifanya hivyo bila mtaalamu kutoka ng'ambo na bila mkopo wa riba. Kijana wetu anayefundishwa kwamba umwagiliaji ni fani aliyoletewa, akapelekwe Engaruka aone. Kisha aulize swali ambalo ni la leo kabisa: kwa nini mashamba hayo yaliachwa? Je, mito ilipungua? Je, udongo ulichoka? Jibu la maswali hayo lina faida kwa bwana shamba kama lilivyo na faida kwa mwanahistoria, nalo limelala chini ya ardhi, likingoja shimo dogo lenye kipimo.

Hapa naomba niwaonye hata wale walio upande wetu. Hatutaki kulipa uongo kwa uongo. Louis Leakey alipochunguza Engaruka mwaka 1935 alikadiria wakazi zaidi ya elfu thelathini. Wachimbaji waliomfuata wameishusha hesabu hiyo sana. Mzalendo wa kweli hasikitiki hesabu ikishuka. Vilevile uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba katika miji ya kale ya pwani walioana watu wa Afrika na wa Uajemi tangu yapata mwaka 1000. Jambo hilo halimvunjii heshima mtu yeyote: wageni walifika, wakakuta wenyeji wenye miji yao, wakaoa, wakawa wenyeji. Anayeogopa kipimo kwa sababu hakisemi alichotaka, huyo ni ndugu wa Hall, hata kama rangi yake ni nyeusi.

Basi tufanye nini? Nasema mambo manne.

Kwanza, mawe yabaki mahali pake. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964, lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimzuii mtu mwenye toroli. Kila jiwe la kale linalong'olewa kujengea zizi au msingi wa duka ni ukurasa uliochanwa. Mlinzi wa kwanza wa magofu ni mwanakijiji anayeishi jirani nayo, na hawezi kulinda asichoelezwa maana yake. Asiyejua maana, haambiwi maana. Lakini ni kosa la nani asipoambiwa?

Pili, taarifa ziandikwe kwa Kiswahili. Ni kichekesho kwamba habari za nyumba ya babu ya mtu husomwa na kujadiliwa Ulaya na Marekani, na mwenyewe hana neno moja la kusoma. Kila anayepewa kibali cha kuchimba, awe mgeni au mwenyeji, afanye mkutano wa hadhara kijijini kabla hajavunja kambi, aonyeshe alichokipata na kujibu maswali ya wazee. Kisha aache taarifa fupi katika shule ya kijiji.

Tatu, wachimbaji watokane na sisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha elimu hii mwaka 1985, na matunda yake yameonekana. Lakini mkulima anayeajiriwa kwa siku kuondoa udongo naye afundishwe kusoma tabaka, na jina lake liandikwe katika taarifa. Waashi wa Zimbabwe Kuu hatuyajui majina yao. Hatuna udhuru wa kutoyajua majina ya watu waliofukua kazi yao.

Nne, tukatae mashimo makubwa. Uko uchu wa siku zote wa kufukua kila kitu mara moja, ama kwa sifa ama kwa kuwafurahisha watalii. Historia ya Hall itukinge. Taifa lenye imani na vizazi vyake huwaachia wajukuu wake sehemu ya ushahidi.

Sasa warudi wale ndugu zetu wenye kuinua mabega. Tunakubaliana nao kwamba zahanati ni muhimu, na hakuna aliyewahi kusema ijengwe nyumba ya makumbusho mahali pa kisima. Lakini mashimo mawili matatu ya mita moja hayali bajeti ya wilaya. Gharama kubwa ni ile ya kutochimba. Wenzetu wa Zimbabwe waliilipa: watoto wao walisomeshwa karibu na kuta za babu zao huku wakiambiwa kwamba babu zao hawakuwa na uwezo wa kupanga jiwe juu ya jiwe. Mtoto akishaamini hivyo, hata ukimjengea barabara, ataitumia kwenda kutafuta kazi kwa bwana.

Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Tuongeze kwamba asili haikai katika hotuba wala katika ngoma za kupokelea wageni. Sehemu yake kubwa imelala chini ya sakafu za maboma yaliyohamwa, Engaruka, Kilwa na kwingineko, katika vigae na makaa yasiyojua kusema uongo. Jembe tunalo, wasomi tunao, na ardhi ni yetu. Ni wajibu wetu kuchimba taratibu, kuandika kwa uaminifu, na kuusomea umma kwa lugha yake kile tulichokikuta.